Mwongozo kamili wa kumkinga mhudumu wa afya wakati wa janga la virusi vya mfumo wa upumuaji

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu, wahudumu wa maabara, wasafishaji na mabawabu wa zahanati na vituo vya afya vya Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Nakuru na maeneo jirani, mahali ambapo hakuna chumba chenye mitambo ya kuvuta hewa na ambapo katoni ya barakoa za N95, zile zinazochuja chembe ndogo za hewani, hufika ikiwa imechelewa. Makosa yanayorudiwa ni yale yale: dirisha hufungwa kwa sababu ya mvua, barakoa nzuri huvaliwa ikiwa inavuja, gauni huvuliwa kwa pupa, na watu waliojikinga vyema mbele ya mgonjwa hukaa bila kinga, wanne wanne, katika chumba kidogo cha chai.

Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Hewa imetangulia barakoa kwa makusudi, kwa kuwa hewa safi humkinga hata aliyesahau kuvaa, ilhali barakoa humkinga tu aliyeivaa ikamkaa sawasawa.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Barakoa za N95 au FFP2 za aina mbili au zaidi na za vipimo tofauti, kwa sababu hakuna barakoa moja inayokaa vizuri kwenye kila uso.
- Barakoa za upasuaji, kwa ajili ya wagonjwa na kwa kazi za kawaida.
- Gauni za mikono mirefu, aproni za plastiki, glavu, na miwani ya kinga au ngao za uso.
- Sanitaiza na sabuni. Pasipo na maji ya bomba, mtungi wenye koki au kibuyu chirizi kilichofungwa nje hutosha.
- JIK ambayo lebo yake inaonyesha kiwango cha klorini, ndoo mbili na kikombe cha kupimia.
- Mapipa ya taka yenye mifuko: mweusi kwa taka za kawaida, wa manjano kwa taka zenye maambukizi, mwekundu kwa taka hatari zaidi, pamoja na sanduku la sindano.
- Bahasha za karatasi, kalamu ya wino usiofutika, utepe wa kubandika sakafuni na kioo cha ukutani.
- Futi ya kupimia madirisha, na udi au dawa ya mbu ya kuchoma. Sababu yake utaiona katika hatua ya 2.
- Daftari moja la wafanyakazi, tofauti na daftari la wagonjwa.

## Hatua ya 1: Mtenganishe mgonjwa anayekohoa akiwa bado langoni

Weka meza ya upimaji nje, chini ya mti au kwenye kivuli cha mabati, kabla mgonjwa hajaingia foleni ya jumla. Anayekaa hapo avae barakoa, na kati yake na mgonjwa kuwe na angalau mita 1, zaidi kama nafasi inaruhusu. Maswali yawe machache: je, unakohoa, una homa, unapumua kwa shida, au umemuuguza mtu mwenye dalili hizi?

Yeyote anayejibu ndiyo apewe barakoa ya upasuaji papo hapo na aelekezwe kwenye benchi lake la nje. Maneno nayo yana uzito wake, kwani mgonjwa anayejiona ametengwa kama mkosaji kesho ataficha kikohozi. Mwambie kwa utaratibu: “Mama, vaa barakoa hii ifunike pua na mdomo, kisha ukae kwenye benchi lile penye upepo, tutakuhudumia hapo hapo, hutapoteza zamu yako.” Na ahadi hiyo ya zamu itimizwe.

Tahadhari: usikitegemee kipimajoto peke yake. Katika kaunti zinazopakana na ziwa, malaria hujaza foleni watu wenye homa mwaka mzima, na pia wapo wenye virusi wasiokuwa na homa kabisa. Kipimo cha malaria kikionyesha kwamba mtu ana malaria, hakijasema kwamba hana virusi, kwa sababu mtu mmoja anaweza kubeba vyote viwili. Anayekohoa abaki kwenye benchi la nje hata baada ya majibu ya malaria kutoka.

Utajua hatua hii imefaulu pale utakaposimama kwenye ukumbi wa kusubiria saa 4 asubuhi usimsikie mtu akikohoa ndani.

## Hatua ya 2: Fungua hewa, kisha ipime

Mtu mwenye virusi hutoa matone makubwa yanayoanguka karibu naye, na pia chembe ndogo sana zinazobaki zikielea. Katika chumba kilichofungwa chembe hizo hurundikana saa baada ya saa, na ndiyo maana tabibu anaweza kuambukizwa na mgonjwa aliyekwishaondoka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba katika sehemu za huduma kila mgonjwa apate angalau lita 60 za hewa mpya kwa sekunde, na lita 160 mahali panapofanyika kazi zinazorusha chembe hewani, kama kuingiza mpira wa kupumulia kooni au kumfufua mtu aliyeacha kupumua. Unaweza kukadiria hewa ya chumba chako bila chombo chochote cha gharama.

Chumba chenye matundu yaliyo wazi pande mbili zinazokabiliana hukadiriwa hivi: 0.65 × kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde × eneo la tundu dogo zaidi kwa mita za mraba × 1000. Jibu ni lita kwa sekunde. Upepo mwepesi kiasi kwamba moshi unapeperuka lakini majani ya mti hayatikisiki uhesabu kuwa kama mita 1 kwa sekunde.

Tuchukue chumba chenye dirisha lililo wazi kwa mita 1 ya mraba na mlango mkubwa zaidi upande wa pili. Kwa upepo huo mwepesi unapata 0.65 × 1 × 1 × 1000, yaani lita 650 kwa sekunde, kiasi kinachowatosha wagonjwa 10. Sasa ufunge mlango. Hewa ikiingilia na kutokea upande mmoja tu, ile 0.65 hushuka hadi 0.05, na chumba kile kile kinabaki na lita 50, ambazo hazimtoshi hata mgonjwa mmoja. Katika mwongozo huu wote sijui jambo jingine la bei rahisi kuliko mlango huo kuachwa wazi, na bado ndilo linalosahaulika kwanza.

Pima uwazi wenyewe, usipime fremu. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, na dirisha la vioo vya kukunja lililopakwa rangi likagandamana lihesabiwe kuwa ukuta.

Baada ya hesabu, washa udi au dawa ya mbu ukaishike mahali anapoketi mgonjwa, kisha utazame moshi unaelekea wapi. Unatakiwa utoke nje bila kumpitia mhudumu, kwa kuwa hewa inapaswa kumfikia mhudumu kwanza, kisha mgonjwa, kisha itoke nje. Ukiona unamjia mhudumu usoni, geuza meza. Mjini Kisumu rudia jaribio hili mchana na usiku, kwa sababu mchana upepo hutoka ziwani na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Kiti kilicho salama saa 9 alasiri huenda kikawa upande mbaya saa 3 usiku.

Vikwazo vya kila mahali vina dawa yake. Kwa mbu, weka wavu dirishani badala ya kulifunga, na uusafishe mara kwa mara kwa kuwa vumbi huziba vitundu vyake. Hata wavu safi hupunguza hewa, hivyo wenye wavu wapokee wagonjwa wachache kuliko hesabu inavyowaruhusu. Kwa mvua za alasiri za Kakamega na Kisii, ongeza bati la kukinga juu ya dirisha. Kwa baridi ya Nakuru na Molo, mpe mgonjwa blanketi. Feni ya kusimama iwekwe karibu na dirisha ikipuliza hewa kwenda nje. Ikipuliza kutoka kwa mgonjwa kuja kwako, izime.

Baada ya kazi inayorusha chembe, acha chumba wazi bila mtu kabla ya kuingia bila N95. Chumba ambacho hewa yake yote hubadilika mara 12 kwa saa huhitaji dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya chembe. Kinachobadilisha mara 6 huhitaji dakika 46. Ukiwa huna uhakika chumba chako kiko katika kundi lipi, tumia muda mrefu zaidi.

## Hatua ya 3: Linganisha kinga na kazi

Kuvaa kila kitu kila saa huchosha watu na kumaliza vifaa, kisha siku ya hatari kubwa hakuna kilichobaki.

Bawabu, karani na mtu wa meza ya langoni huvaa barakoa ya upasuaji na kutakasa mikono. Anayempima au kumlaza mgonjwa anayeshukiwa avae N95, kinga ya macho, gauni na glavu. N95 zikiwa haba sana, zibaki kwa wanaofanya kazi zinazorusha chembe na kwa wanaokaa muda mrefu katika vyumba vyenye hewa hafifu. Msafishaji wa wodi huongeza glavu nene za mpira na gamubuti, na asichukuliwe kama mtu wa mwisho kwenye orodha, maana yeye hukaa chumbani muda mrefu kuliko daktari.

Inapowezekana, mgonjwa wa pumu apewe dawa ya kuvuta kupitia kopo lake la plastiki badala ya mashine ya mvuke. Makohozi ya kupimwa yatolewe nje kwenye uwanja wazi, jinsi ambavyo kliniki za kifua kikuu zimekuwa zikifanya.

## Hatua ya 4: Hakikisha N95 inakukaa

Kitambaa cha N95 huzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, na FFP2 angalau asilimia 94, lakini takwimu hizo zinahusu hewa inayopita kwenye kitambaa. Hewa hutafuta njia rahisi; ikipata upenyo kando ya pua itapita hapo, na kitambaa kitabaki pambo.

### Kagua kama ni halisi

N95 iliyoidhinishwa na taasisi ya Marekani iitwayo NIOSH huwa na jina hilo limeandikwa bila kosa la herufi, namba inayoanza na TC-84A, na mikanda miwili ya kuzunguka kichwa. Ikiwa ina vitanzi vya masikioni, si N95 ya NIOSH, hata katoni ikisema nini. Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi, na uvute mikanda kidogo uone kama bado inarudi.

### Pima mkao mara moja kwa kila mtu

Kipimo cha mkao hutumia kofia kubwa ya kufunika kichwa na mvuke wa dawa chungu au tamu. Kwa dakika 15 kabla yake, mhudumu asile, asitafune chochote wala kuvuta sigara. Maji matupu yanaruhusiwa. Kwanza anapuliziwa mvuke akiwa hana barakoa, ili ijulikane kwamba anaweza kuonja. Anasuuza kinywa, anavaa N95, kisha anafanya mazoezi 7, dakika 1 kila moja: kupumua kawaida, kupumua kwa kina, kugeuza kichwa kushoto na kulia, kuinua na kuinamisha kichwa, kuzungumza kwa sauti, kuinama kiunoni, na kupumua kawaida tena.

Akimaliza bila kuonja kitu, aina hiyo na kipimo hicho viandikwe kwenye daftari mbele ya jina lake. Akionja, ajaribu aina nyingine. Zahanati moja haina haja ya kununua seti yake; vituo kadhaa vya kaunti ndogo vinaweza kutumia seti moja kwa kuzunguka.

Usibuni kipimo chako mwenyewe kwa marashi au kwa harufu ya sanitaiza. N95 huzuia chembe, haizuii mvuke wa kemikali, kwa hiyo kunusa marashi ukiwa umeivaa hakuonyeshi kwamba inavuja, na kutoyanusa hakuonyeshi kwamba ni salama.

### Jikague kila unapovaa

1. Takasa mikono. Shika barakoa kwa kiganja, waya wa pua ukielekea kwenye vidole, mikanda ikining’inia chini.
2. Iweke chini ya kidevu kwanza, kisha ipandishe kufunika pua.
3. Pitisha mkanda wa juu hadi sehemu ya juu ya kisogo, na mkanda wa chini shingoni chini ya masikio. Isipishane.
4. Bonyeza waya wa pua kwa vidole vya mikono yote miwili. Kuubana kwa mkono mmoja huacha pembe kali, na pembe hiyo huvuja.
5. Funika barakoa kwa viganja bila kuisogeza, utoe pumzi kwa nguvu. Upepo ukitokea kwenye macho, panga waya upya. Ukitokea mashavuni, panga mikanda.
6. Vuta pumzi. Barakoa inatakiwa kuingia ndani kidogo kuelekea usoni.

Hakuna kinachoushinda ukaguzi huu kama ndevu. Hata za siku mbili huinua ukingo wa barakoa. Wapo wahudumu ambao imani zao haziruhusu kunyoa, wakiwemo baadhi ya Wakorino wa upande wa Nakuru. Mpangaji wa zamu azungumze nao mapema na kwa heshima, awape kazi za nje au za dawa, badala ya kuwaingiza wodini na barakoa inayovuja na kujifanya hajaona. Wenye vilemba, hijabu au nywele za kusukwa wavae mikanda kwanza, kisha vitambaa vije juu yake.

Miwani ya kinga ikijaa ukungu kila mara, usilaumu miwani kwanza. Mara nyingi ni pumzi inayovuja juu ya pua.

## Hatua ya 5: Vaa kwa mpangilio

Kunywa maji, nenda msalani, vua saa, pete na kitambulisho cha shingoni. Kisha: takasa mikono, gauni, N95 pamoja na ukaguzi wake, kinga ya macho, na mwisho glavu zinazofunika ncha za mikono ya gauni.

Mwenzako akutazame mbele na nyuma kabla hujaingia. Kwa joto la Kisumu, panga zamu fupi ndani ya gauni, kwa sababu mtu anayetokwa na jasho jingi hujigusa uso bila kujua, na N95 iliyolowa lazima ibadilishwe.

## Hatua ya 6: Vua polepole kuliko ulivyovaa

Hapa ndipo watu wengi hujipaka virusi kwa mikono yao wenyewe. Umechoka, joto limekuzidi, na mkono wako wa kwanza unataka kwenda usoni.

Bandika utepe sakafuni kutenga upande mchafu na upande safi. Kwenye upande mchafu weka pipa la mfuko wa manjano, sanitaiza na kioo. Mwenzako asimame upande safi akikusomea hatua kwa sauti. Usizifanye kwa kukumbuka.

1. Vua glavu. Bana glavu ya kwanza kwa nje karibu na kifundo cha mkono, ivute igeuke ndani nje, ishike kwa mkono wenye glavu. Ingiza kidole kisicho na glavu chini ya ukingo wa glavu ya pili, uivute ifunike ile ya kwanza.
2. Takasa mikono.
3. Fungua gauni nyuma. Livute kutoka mabegani ukigusa upande wa ndani tu, lizungushe likiwa mbali na mwili, ulitupe. La kufuliwa liende kwenye ndoo yenye kifuniko, na lisikung’utwe kamwe.
4. Takasa mikono.
5. Toka kwenye chumba cha mgonjwa, ukiwa bado na N95 usoni.
6. Ondoa kinga ya macho kwa kushika mikono au mkanda wake wa nyuma.
7. Takasa mikono.
8. Inama kidogo mbele. Vuta mkanda wa chini upite juu ya kichwa, kisha mkanda wa juu, uiache barakoa iende mbali na uso bila kugusa sehemu ya mbele.
9. Takasa mikono tena, au uinawe kwa sabuni kwa sekunde 40 hadi 60.

Kama katikati ya kazi umegusa kitu bila kukusudia, simama hapo, takasa mikono, kisha endelea. Kuharakisha ili umalize ndiko kunakoharibu.

Namna ya kujua kama kikosi chako kinaweza: changanya rangi ya chakula na maji, uipake kwenye glavu na kifuani mwa gauni la mtu aliyevaa kila kitu, umwache avue kama kawaida. Akimaliza, mtazameni mikono, shingo, mashavu na shati. Doa lolote la rangi ni mahali ambapo virusi vingekuwa. Zoezi lirudiwe hadi atoke msafi, na msimamizi mwenyewe awe wa kwanza kupakwa rangi.

Tahadhari mbili. Usimpulizie mtu maji ya klorini, iwe langoni au baada ya kuvua, kwa kuwa humuumiza macho na mapafu na hayaviondoi virusi vilivyo ndani ya mwili. Na usitembee na glavu zile zile kutoka kitanda hadi kitanda, kisha kwenye simu na kitasa cha mlango. Glavu chafu hueneza sawa na mkono mchafu, tofauti ni kwamba aliyeivaa hajihisi mchafu.

## Hatua ya 7: Ukilazimika kurudia N95

Vifaa vikiwa vya kutosha, N95 huvaliwa mara moja. Vikipungua, ni afadhali kuivaa mfululizo kwa wagonjwa kadhaa, kwa muda usiozidi saa 6, kuliko kuivua na kuivaa kila mara, kwa sababu hatari kubwa iko katika kuigusa.

Lazima ihifadhiwe? Mpe kila mhudumu barakoa 5 na bahasha 5 za karatasi zenye jina lake na siku, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ya Jumatatu hurudi kutumika Jumatatu ijayo, ili virusi vilivyobaki vife vikiwa ndani ya bahasha kavu. Weka alama kwenye bahasha kila inapovaliwa, na baada ya mara 5 itupwe. Mfuko wa plastiki haufai kwa kuwa hufungia unyevu.

Itupe mapema ikiwa imelowa, ina damu, mkanda umelegea, imeshindwa ukaguzi wa pumzi, au ilitumika katika kazi inayorusha chembe. Usiifue, usiiloweke kwenye JIK, usiipulizie spiriti, usiipige pasi. Kitambaa chake hushika chembe kwa chaji ya umeme tuli, na spiriti huiondoa chaji hiyo bila kuacha alama yoyote ya kuonekana.

## Hatua ya 8: Tengeneza sanitaiza na maji ya klorini kwa vipimo

Sanitaiza ya fomula ya Shirika la Afya Duniani, lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145, kisha jaza hadi lita 10 kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ifunge uiache saa 72 kabla ya kuitumia. Kazi hii ifanywe na mfamasia au mtu wa maabara, mbali na moto. Ukanda wetu wa miwa hutengeneza ethanoli pale Muhoroni, hivyo malighafi haiko mbali. Lakini chang’aa si mbadala, kwani nguvu yake haijulikani na huenda ikawa na methanoli, ambayo ni sumu.

Kwa klorini, gawanya asilimia iliyo kwenye lebo kwa asilimia unayotaka, kisha utoe 1; jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu 1 ya JIK. JIK ya asilimia 3.5 ukitaka 0.1 kwa meza, vitanda na vitasa, ni sehemu 34 za maji. Ukitaka 0.5 kwa damu na majimaji ya mwili, ni sehemu 6. Safisha kwanza kwa sabuni, maana uchafu hula klorini, kisha pakaa na uache dakika 10. Tengeneza mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi.

## Hatua ya 9: Chumba cha chai, kupokezana zamu na safari

Virusi havimbagui mwenzako wa kazi. Mtu hawezi kunywa chai akiwa na barakoa, kwa hiyo hapa kinga pekee iliyobaki ni hewa na nafasi. Hamishia chai nje, chini ya mwembe au barazani, watu wawili wawili, wakiwa wamekaa pembeni badala ya kutazamana. Mvua ikinyesha, wanywe kwa awamu, mlango na dirisha vikiwa wazi.

Ripoti ya kupokezana zamu isomwe barazani, watu wakiwa na barakoa. Chumba cha kupumzikia usiku kiwe cha mtu mmoja, la sivyo kila anayeingia alale karibu na dirisha lililo wazi. Kwenye gari la wagonjwa, vioo vya mbele na vya nyuma vishushwe, na dereva avae N95 ikiwa hakuna kizuizi kati yake na mgonjwa.

Wahudumu wa afya ya jamii wana ugumu wao: huku kwetu kukataa kuingia nyumbani mwa mtu, tena chai ikiwa imeshapikwa, ni kumvunjia heshima. Jibu liwe tayari mdomoni: “Mama, chai yako nitainywa siku nyingine bila kukosa, leo naomba tuongee hapa uani, kwa ajili yako na ya wajukuu.” Akiwa na mgonjwa asiyeweza kutoka, ingia na N95, fungua mlango na dirisha, fanya lililokupeleka, utoke.

## Hatua ya 10: Mhudumu akikaribia hatari au akiugua

Andika kwenye daftari la wafanyakazi kila tukio ambalo mtu alikaa ndani ya mita 1 na mgonjwa kwa zaidi ya dakika 15 bila kinga inayofaa, au alirushiwa majimaji usoni. Kitabu hiki kisitumike kuadhibu. Mara tu mtu mmoja akikaripiwa kwa kilichoandikwa humo, wengine wote wataacha kuandika.

Mwenye kikohozi, homa au maumivu ya koo aondoke kazini siku hiyo hiyo na apimwe, hata kipimo chake cha malaria kikiwa kimeonyesha malaria. Wauguzi hodari ndio wanaokaidi zaidi hapa, kwa kuogopa kumwachia mwenzao wodi nzima, na kwa hiyo mpangaji wa zamu lazima awe na jina la mbadala tangu mwanzo wa wiki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na ile ya fidia za majeraha kazini ya mwaka huo huo inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Maandishi ya daftari yenye tarehe na saini ndiyo yatakayomsaidia mhudumu akilazimika kudai haki yake.

Wawili wa zamu moja wakiugua katika wiki moja, kagua kwanza mahali walipokaa pamoja bila barakoa, kisha matundu ya hewa ya chumba walichofanyia kazi, kisha namna wanavyovua. Na anayerudi baada ya kuugua kwa muda mrefu apimwe mkao wa N95 upya kabla ya kurejeshwa wodini, kwa sababu mtu aliyepungua mashavu huenda barakoa iliyomkaa awali sasa inavuja pembeni.